Umati Uliopagawa

Worcester, Massachusetts
9 Januari 1956

Kwa kaka yangu Everett,

Salamu zikufikie wewe na wifi yangu Wilma. Mimi ni mzima wa mwili ila nimechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Leo ni siku ya nne theluji inaanguka. Natembea kwenda ofisini kama bata, na mwenye nyumba wangu ananichekea nyuma ya pazia akidhani simwoni. Goti la wifi linaendeleaje? Mwambie aache kupanda ghorofani kufuata mablanketi. Wewe una miguu miwili na huna kazi.

Nina jambo la kikazi, na tafadhali usikunje uso. Toleo jipya la kamusi limeingia mwaka wa tano na ndiyo kwanza tumefika herufi F. Unajua tunavyofanya kazi hapa. Hakuna kusema. Ukitaka kumwuliza jirani yako kitu, unaandika kwenye karatasi ya rangi ya waridi unamsogezea, naye anajibu kwa karatasi. Na hakuna kueleza neno kwa mawazo yako mwenyewe. Unaletewa bunda la kadi, kila kadi ina sentensi moja iliyotolewa kwenye gazeti au kitabu, pamoja na tarehe. Unazisoma zote mpaka uone watu wanalitumiaje neno lile, ndipo unaandika maana.

Wiki hii nimepewa frenzied. Wewe mtu wa magazeti huhitaji kuelezwa: ni mtu au kundi lililopagawa, lililopandwa na jazba mpaka halijitambui. Nina kadi mia mbili na kumi na mbili. Ya mia na nne imetoka kwenye gazeti lako, toleo la 20 Machi 1930, na mwandiko wa kwenye kadi ni wangu mimi. Inasema: «Umati uliopagawa kwa ushindi ulijitupa wote kwa pamoja kwenye mlango wa kaskazini wa ukumbi wa michezo, ukamkanyaga Ruthanne Voss, mwenye umri wa miaka kumi na saba.»

Nimekaa na kadi hiyo mkononi kwa muda mrefu. Nakumbuka siku gazeti lilipofika. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, nimefundishwa kusoma na penseli, basi nikasoma habari ya kifo cha mtoto niliyemfundisha nyimbo kanisani, nikapigia mstari neno moja nililoona linatufaa ofisini. Kumlilia nilikuja kumlilia baadaye, na kidogo. Naona aibu kukuandikia haya.

Mkuu wetu ameipenda sentensi hiyo na anataka iwe mfano kwenye kamusi. Utaratibu wetu ni kwamba mwandishi lazima athibitike kwanza, na pale hapakuwekwa jina. Ni wewe uliyeiandika? Nijibu hata kwa mistari miwili.

Mdogo wako,
Vinnie


Tarleton, Indiana
6 Februari 1956

Mdogo wangu Vinnie,

Nimepata barua yako na nimefurahi kuona bado unaweza kunituma. Wilma anakusalimu. Goti lake limevimba kama mkate, lakini mdomo uko salama, na mablanketi sasa nayabeba mimi. Mmiliki mpya wa gazeti bado ananiita kila Jumatano nikasome kurasa kabla hazijachapwa. Ananiita mzee. Nimesahihisha makosa kumi na moja wiki iliyopita, akaacha manne kwa sababu, alisema, wasomaji wameshayazoea.

Mji umeshikwa tena na homa ya mpira wa kikapu. Vijana hawajafungwa tangu Novemba. Madirisha ya maduka yamepakwa rangi za timu, kinyozi hanyoi mtu bila kumweleza mechi nzima, na mchungaji amepunguza mahubiri ya Jumapili ili watu wawahi kubishana. Ukumbi wenyewe ni mpya, una milango minane.

Sentensi unayouliza niliandika mimi. Ilikuwa wiki ya haraka. Lakini mwambie mkuu wako atafute nyingine. Kuna minada, kuna ndondi, kuna mahubiri ya kwenye mahema. Watu waliopagawa hawajawahi kuadimika nchi hii, kwa nini muwasumbue wa Tarleton?

Opal Teague alikuja kupunguza upindo wa nguo za Wilma, akakuulizia. Anahama mwezi wa tano. Kaka yake aliyeko Oregon amemtengea chumba.

Theluji hapa ni kidogo. Jifunike.

Everett


Worcester
14 Februari 1956

Kaka Everett,

Salamu kwa wote wawili. Mpe wifi pole, na umwambie nimemtumia dawa ya kuchua kwa posta; inanuka vibaya, kwa hiyo huenda inafaa. Mimi macho yananisumbua jioni. Taa za ofisi hii ni mbaya.

Umenipiga chenga, na umenipiga chenga vibaya, kwa mtu aliyewahi kuwa hodari.

Nikueleze nilichokiona kwenye kadi zangu. Nimezipanga mezani kwa mafungu. Fungu kubwa ni la umati: umati kwenye mechi, umati kwenye soko la hisa, umati nje ya hoteli ya mwigizaji. Kuna wachezaji wa dansi, kuna kuku, kuna mbwa. Katika kadi zote mia mbili na kumi na mbili hakuna hata moja ambamo mtu anasema mimi nilikuwa hivyo. Kila mara ni wale. Anayeandika amesimama pembeni na viatu vyake safi. Na kundi likishaitwa hivyo halina majina tena, hakuna wa kuitwa na kuulizwa, imekuwa kama mvua au upepo uliopita. Nimeandika haya kwenye maelezo yangu ya matumizi na mkuu amenirudishia karatasi ya waridi yenye neno moja: Sawa.

Jambo la pili. Nimelisoma gazeti lako kila wiki miaka ishirini na minane, na penseli mkononi. Neno hilo umelitumia mara moja tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kufuta maneno ya namna hiyo. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuandikia habari ya moto mkubwa kwenye shamba la Hostetter, ukafuta «mkubwa», ukanirudisha kwa miguu nikahesabu mabanda yaliyoungua. Mtu kama huyo haandiki «uliopagawa» kwa sababu ya haraka. Ukiwa na haraka ndipo hasa unapoandika maneno makavu.

Na Opal umemtaja mwishoni kama mtu anayetaja hali ya hewa. Opal ndiye aliyesimama nyuma ya Ruthanne siku ile. Ndiye aliyesema mbele ya mpelelezi kwamba alisukuma. Bado anakaa kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango?

Sikulazimishi. Nauliza.

Vinnie


Tarleton
26 Machi 1956

Vinnie,

Nisamehe kwa kuchelewa. Dawa imefika, nyumba nzima inanuka, Wilma anasema imemsaidia. Timu imetolewa kwenye raundi ya pili. Kinyozi amenyamaza, kwa hiyo ananyoa vizuri.

Ndiyo, Opal bado anakaa kiti cha mwisho. Hajakaa kingine. Ukumbi mpya ulipofunguliwa mji mzima uliingia kuutazama, yeye alisimama barabarani ng'ambo, na kikapu chake cha nyuzi. Ameuza cherehani kubwa wiki iliyopita.

Ile kadi itupe. Nakuomba kama kaka yako. Sijakuomba kitu tangu tulipomzika baba.

Everett


Worcester
2 Aprili 1956

Kaka,

Salamu kwa wifi. Sina habari za familia, kwa sababu familia yangu ni wewe na yeye.

Hatutupi kadi. Kadi iliyoandikwa na mwehu haitupwi, iliyoandikwa kwa makosa inapigwa mhuri wa makosa na kubaki. Kwa hiyo naweza kuipiga mhuri. Lakini nikipiga itabidi niandike kosa ni lipi.

Basi niambie kosa ni lipi. Kama si umati, ni nini kilichomuua Ruthanne?

Vinnie


Tarleton
11 Aprili 1956

Mdogo wangu,

Wilma amelala mchana, nyumba kimya. Nimeanza barua hii mara tatu tangu juzi. Sitaanza na salamu. Nikianza nazo nitaishia nazo.

Mlango wa kaskazini ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo alikuwa nao baba.

Unakumbuka kazi yake pale shuleni: kufagia, kutunza tanuri la joto, kutunza funguo. Msimu ule mkuu wa shule aliamuru milango ya pembeni ifungwe kwa mnyororo siku za mechi, kwa sababu waliokuwa ndani walikuwa wakiwafungulia rafiki zao wasio na tiketi. Aliamuru kwa mdomo. Baba akaambiwa asimame penye mlango wa kaskazini na ufunguo mpaka mechi iishe. Mechi zote alisimama. Ile ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana, watu mia tisa kwenye ukumbi wa mia sita, na zilipobaki dakika nne aliondoka, akapanda ngazi za chumba cha tanuri ili aone. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga deki sakafu ile na hajawahi kuona mechi ikiisha. Kutoka pale mlangoni alikuwa anaona migongo tu.

Tukashinda kwa pointi moja. Nilikuwepo, nimekaa meza ya waandishi, na mimi niliruka kama wenzangu. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, kila mtu akataka kutoka ukumbini kwenda kucheza barabarani. Walioelekea kaskazini hawakujua kuna mnyororo. Wa mbele walisimama kwa sababu mlango haukufunguka, wa nyuma hawakuona, wakaendelea kuja. Hawakuwa wehu, Vinnie. Walikuwa watu wanaotoka mlangoni. Nilimwona baba akijaribu kupita, ameinua ufunguo juu ya vichwa vyao, anapiga kelele, na kelele yake inafanana na ya kila mtu. Alipofika akafungua, na katika vurugu ile hakuna aliyeutazama mnyororo.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, alikuja ofisini kwangu na mnyororo ndani ya mfuko wa unga. Akauweka juu ya meza. Akasema, «Niandike.»

Nikamwambia akae kwanza. Akakataa kukaa. Akasema tena, «Niandike, mwanangu. Andika nilikuwa wapi.»

Nilimwambia aende nyumbani, nitaona la kufanya. Niliwaza watu watakaokuja na mawe, niliwaza mama alivyokuwa anaumwa, nikawaza na jina letu lililoandikwa juu ya mlango wa gazeti. Hili la mwisho nalisema kwa sababu umeuliza. Jioni ile niliutupa mnyororo mtoni. Jumatatu nikaketi kwenye taipureta nikatafuta neno ambalo halina mtu ndani yake, nikalipata.

Alhamisi baba alilisoma gazeti mezani. Akalikunja mara nne. Hakuniambia lolote, siku ile wala miaka kumi na mmoja iliyofuata, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Ingeishia hapo ingekuwa dhambi ya nyumbani. Lakini mpelelezi alipokuja kutoka makao makuu ya wilaya alikuwa na gazeti langu mkononi. Alisoma sentensi yangu kwa sauti, halafu akamwita kila msichana aliyekuwa upande ule akamwuliza: wewe ulisukuma? Wote walisema hapana, hawakumbuki. Opal, miaka kumi na tisa, alisema ndiyo. Alisema viganja vyake vilikuwa kwenye mgongo wa Ruthanne. Mkuu wa shule alikuwa amekaa pale pale, na hakusema neno juu ya mnyororo. Wala mimi.

Sasa anahama mwisho wa mwezi ujao. Kila nikipita kwake naona masanduku yameongezeka sebuleni. Nimechoka, Vinnie. Sijui kama nataka kumwambia kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Everett


Worcester
9 Mei 1956

Kaka Everett,

Nimekaa na barua yako karibu mwezi. Natumaini wifi hajambo. Hapa theluji imekwisha na barabara zote ni matope.

Mimi ndiye niliyeuliza. Najua. Nilitaka kujua jinsi mtu anavyotaka kujua maana ya neno, nikidhani nitaiandika kwenye karatasi na kuendelea na linalofuata. Sikudhani nitamkuta baba.

Sasa nakuomba usiseme. Opal anaondoka, atakuwa mbali, huko hakuna anayemjua. Mama wa Ruthanne amekufa. Mkuu wa shule amekufa. Ukifungua kinywa sasa, watakaobaki kusemwa ni mzee mmoja aliyelala makaburini ambaye alitaka kuona mpira kwa dakika nne. Unajua alinisindikizaje stesheni nilipokuja huku? Alibeba sanduku langu begani maili mbili, na alipolitua akaniomba radhi kwa kuwa limelowa jasho. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kujivunia katika mji ule. Niachie.

Ile kadi nimeitoa kwenye bunda. Iko kwenye mkoba wangu, chini ya leso. Miaka yangu yote hapa sijawahi kutoa kadi, na kijana wa meza ya pili alifukuzwa kwa kutoa moja. Nimemwambia mkuu kwamba mwandishi hakupatikana. Amechukua sentensi nyingine, ya mnada wa farasi.

Mwandiko wangu umekuwa mkubwa, umeona; ni macho haya. Usiniulize zaidi. Nimechoka kama wewe, na mimi sina Wilma.

Nakuomba.

Vinnie


Tarleton
25 Mei 1956

Mdogo wangu Vinnie,

Salamu kutoka kwa Wilma. Goti limepungua, anatembea hadi sanduku la barua. Amesoma barua zako zote, kwa sababu hatimaye nilimpa. Aliniuliza kama kuna mke mwingine pia nimemficha mtoni.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma mara mbili. Jumapili baada ya ibada nilichukua kofia nikaenda kwa Opal. Nisamehe au usinisamehe. Baba aliniomba kwanza.

Nilimkuta amekaa katikati ya masanduku, pini mdomoni, anashona lebo za jina lake kwenye mashuka. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia juu ya mnyororo, ufunguo, ngazi za tanuri, mfuko wa unga, na neno nililochagua na kwa nini. Alitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake. Akaenda kuweka birika jikoni, akabaki huko amenipa mgongo.

«Mlango ulifungwa,» alisema.

Nikasema ndiyo.

«Kwa hiyo hata ningesimama kama mti.»

Nikasema ndiyo, hata angesimama, wa nyuma yake wangekuja.

Akauliza kama baba alikuwa anajua kwamba yeye anajilaumu. Nikasema alijua. Akasema kila vuli baba alikuwa anakuja kutengeneza uzio wake bila kuitwa, na hachukui hata kikombe cha kahawa, na yeye siku zote alidhani mzee anamhurumia muuaji.

Halafu akageuka. Vinnie, mimi nimekaa na watu wenye hasira maisha yangu yote, ni kazi yenyewe, lakini sijawahi kuangaliwa vile. «Harusi ya mdogo wangu niliitazama dirishani,» alisema. «Walter Hinshaw alinichumbia, nikamwambia hanifahamu mimi ni mtu wa namna gani. Miaka ishirini na sita, Everett. Ungeniambia hata ule wa kumi. Ulikuwa unangoja nini, nife?»

Nilisema tu kwamba niliogopa.

«Toka,» alisema. Nikatoka. Birika lilikuwa linapiga kelele na hakulitoa.

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Wilma alinikataza kurudi, akasema mtu akishamwaga takataka kwenye nyumba ya mwenzake asiende kuangalia kama imefagiwa. Jumatano Opal alipiga simu. Hakusalimu. Alisema nikaandike jambo lote kwa gazeti, kwa jina langu, na kabla halijachapwa nimpelekee alisome.

Niliandika siku tano. Ilikuwa kurasa mbili. Nilimtaja baba kwa jina, nikaandika alikuwa wapi na kwa dakika ngapi, na kwamba aliomba aandikwe na mimi nikakataa. Nilimtaja mkuu wa shule na amri yake. Juu ya wale waliokuwa mlangoni niliandika: watu walisukuma, kwa sababu hawakujua mlango umefungwa.

Jumanne hii nikampelekea. Safari hii alinipa kiti. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari kama anavyofuata mshono. Nilidhani atasimama penye jina la baba. Alipita. Akasimama pale nilipoandika watu walisukuma, akaomba penseli.

«Andika Opal Teague alisukuma,» alisema.

Nikamwambia hapana haja, ndiyo maana nimeandika yote haya, ili aondokane na jambo hilo. Nikamwambia hakuwa na kosa.

«Sijasema nina kosa. Nimesema nilisukuma. Nilikuwa nataka kutoka nje nicheze.» Mikono yake ilikuwa juu ya karatasi, viganja chini. «Nilikuwa napiga kelele mpaka sauti imekauka. Ruthanne alikuwa mbele yangu, naye anapiga kelele, amegeuza uso ananicheka, na mimi namsukuma nikimwambia twende, twende. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, Everett, kabla wala baada. Nilikuwa nimepagawa kweli, mimi na yeye. Nimeiogopa furaha ile tangu siku hiyo. Iandike nayo. Ni yangu.»

Nikauliza kama anataka niandike na neno hilo, lile lile.

«Liandike. Ila weka jina langu mbele yake, na la Ruthanne. Usiseme umati.»

Nimeandika alivyosema, bila kufuta. Gazeti limetoka jana, nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Sijui mji utasema nini. Leo asubuhi kinyozi alininyoa kimya, na Hostetter mdogo amevuka barabara asikutane nami. Kwenye kaburi la baba hakuna aliyegusa kitu, nimekwenda kuangalia.

Opal anaondoka kesho kwa basi la saa nne asubuhi. Nilimwuliza kama naweza kumbebea masanduku. Alisema naweza, lakini nisiongee.

Kaka yako,
Everett